Nusu Kidonge Kwenye Chai ya Mchumba

Leo naomba tukae kitako, maana barua iliyonifikia kutoka Kidahwe, pale njia ya Kigoma inapogawanyika kwenda Kasulu na Uvinza, imeninyima usingizi.

Aliyeandika ni dada wa miaka 27, ana kazi yake nzuri ya ofisini Kigoma mjini. Mchumba wake ana miaka 31, ni mwalimu, kijana mtulivu anayekwenda kazini na pikipiki yake. Mahari imeshapokelewa, imebaki ndoa tu. Shida imeanzia kwa shemeji. Mdogo wake huyo mchumba aliugua akiwa na miaka 21. Alianza kujifungia ndani, akawa anasikia sauti za watu wasiokuwepo, mpaka usiku mmoja akakutwa barabarani peku. Hospitali wakasema ni skizofrenia, akaanzishiwa vidonge vya haloperidoli.

Mama wa dada huyu aliposikia akaja juu: "Huo ni ugonjwa wa ukoo, mwanangu. Unataka kuniletea wajukuu wa namna gani?" Dada yetu hakuwa tayari kumwacha mtu wake, ndipo akapata wazo. Kama dawa inautuliza ugonjwa, si itauzuia usije kabisa? Basi akaanza kuchukua vidonge vya shemeji kimyakimya. Anakata nusu, anasaga, anakoroga kwenye chai ya mchumba kila jioni. Sasa ni wiki ya tatu, na swali lake ni hili: "Dada, mbona mikono imeanza kumtetemeka, hatulii kwenye kiti, na uso umekuwa mkavu hata kucheka hacheki? Ndiyo ugonjwa umeanza? Nimwongezee?"

Mdogo wangu, acha! Usimwongezee, na usimwekee tena hata punje.

Mimi si daktari, lakini hayo unayoyaona yanafanana sana na madhara ya kidonge chenyewe. Haloperidoli inazuia kazi ya dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kupeleka taarifa na pia kuuendesha mwili. Ikizuiwa, mikono inaweza kutetemeka, misuli ikakakamaa, uso ukapoteza tabasamu na miguu ikakosa utulivu. Wengine hata shingo inajipinda au macho yanageukia juu. Kwa hiyo umempa dawa mtu mzima wa afya, dawa ikamharibu, halafu ukaona ni ugonjwa unabisha hodi. Na huyo mtu anaendesha pikipiki, anasinzia njiani bila kujua kwa nini!

Nisikuonee lakini. Wazo la kuzuia maradhi ya akili kwa dawa kabla hayajaja si la kijinga, hata wataalamu wakubwa wamelijaribu. Mwaka 2002 kundi la daktari Patrick McGorry kule Melbourne, Australia, lilitoa matokeo ya vijana 59 waliokuwa na dalili za awali. Waliopewa kiasi kidogo cha dawa ya risperidoni pamoja na ushauri wa kisaikolojia walipata nafuu kuliko wenzao kwa miezi sita ya matibabu. Dawa iliposimamishwa, tofauti ikafifia. Mwaka 2006 Wamarekani nao wakatoa matokeo ya watu 60 waliojaribiwa kwa olanzapini au kidonge kisicho na dawa. Walioumwa upande wa dawa walikuwa wachache, ila tofauti haikutosha kuwa ushahidi thabiti. Kilichoonekana wazi ni uzito, maana waliokunywa dawa waliongezeka kwa wastani wa karibu kilo 9 kwa mwaka.

Na angalia hapo, mdogo wangu. Hao wote tayari walikuwa na dalili, walichunguzwa, walikubali wenyewe, na daktari aliwafuatilia. Mchumba wako hakuwa na dalili hata moja. Kosa lake ni kuzaliwa tumbo moja na mgonjwa.

Tuje kwenye hilo la ukoo linalomnyima mama usingizi. Ni kweli ugonjwa huu unatembea kwenye familia. Katika watu 100 wa kawaida, huwapata kama mmoja katika maisha yao. Kwa mwenye ndugu wa damu, baba mmoja mama mmoja, ni kama 10 kati ya 100. Maana yake 90 hawaumwi. Tena kwa wanaume mara nyingi huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya katikati ya 20, na mtu wako ana 31. Ameshavuka kipande kikubwa cha hatari. Kwa watoto mtakaozaa, kuwa na baba mdogo mgonjwa kunaongeza hatari kidogo tu.

Sasa nikuulize, umewahi kumfikiria shemeji? Dawa hizi zina kinga moja iliyothibitishwa vizuri, nayo ni kumzuia aliyekwisha kuugua asirudiwe. Uchambuzi wa tafiti 65 uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ndani ya mwaka, walioacha dawa walirudiwa 64 kati ya 100, na walioendelea nazo ni 27. Vidonge unavyovipunguza kwenye kopo la shemeji ndivyo vinavyomshikilia. Umemnyang'anya anayevihitaji, ukampa asiyeumwa.

Kwa hiyo kesho asubuhi, si wiki ijayo, mwambie mchumba wako ukweli wote. Asipande pikipiki. Nendeni pamoja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, au kituo cha afya kilicho jirani, mkiwa na kidonge chenyewe mkononi, na mtaje ni kiasi gani na kwa siku ngapi. Akipata homa kali huku mwili umekakamaa, au akichanganyikiwa, hiyo ni dharura, kimbieni usiku huohuo. Kisha vidonge vya shemeji virudi mahali pake, na daktari wake aambiwe kuwa vilikuwa pungufu.

Atakasirika. Anaweza hata kuvunja uchumba, na haki hiyo anayo, kwa sababu mwili ni wake na hukumuuliza. Lakini ukikaa kimya utaingia kwenye ndoa ukiwa na siri ndani ya kikombe, na siri ya aina hiyo hailali.

Mkivuka hapo, kinga yenu ninyi wawili ni ya kawaida kabisa. Bangi isiingie nyumbani, hasa kwenye ukoo wenye historia hii. Usingizi wa kutosha, pombe isitawale, na mmoja akianza kubadilika, kujitenga au kushuku kila mtu, awahi hospitali badala ya kufichwa. Na mama yako mpelekee hiyo hesabu ya 90 kati ya 100. Mkalishe kwa heshima, mweleze polepole, ataelewa.

Nawe msomaji, kama kuna ugonjwa kwenu au ukweni, mmeshawahi kuuzungumza mkiwa wawili? Basi anzeni usiku wa leo. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.