Goma isitupe diski za filamu za zamani

Katika Birere na kando ya soko la Virunga, meza za DVD zimepungua mwaka baada ya mwaka. Kijana ambaye zamani alikuwa anapanga diski kwa mamia, leo ana kompyuta moja na nyaya mbili. Mteja anampa simu au flashi, anajaziwa filamu kwa franga chache, anaenda zake. Diski zilizobaki zinauzwa kwa bei ya kutupa. Zingine zinaishia bustanini, zimetundikwa kwa uzi ili zifukuze ndege.

Hakuna wa kumlaumu muuzaji huyo. Anafuata wateja. Lakini kati ya diski hizo zinazotupwa kuna filamu za zamani za Hollywood, zile za miaka ya 1940 na 1950, ambazo hakuna kijana anayeziomba kwenye flashi. Watu wachache mjini bado wanazikusanya, na mara nyingi wanachekwa kama watu wanaookota makopo. Wanaocheka wangefikiri mara mbili.

Soko hili linakauka dunia nzima. Nchini Marekani, karibu mwaka 2005, mauzo ya diski za filamu yalipita dola bilioni 16 kwa mwaka. Mwaka 2024 yalishuka chini ya dola bilioni 1. Netflix, ambayo leo inajulikana kwa filamu za intaneti, ilianza mwaka 1998 kwa kutuma DVD kwa posta. Ilituma diski yake ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Mwaka 2024 maduka makubwa ya Best Buy yaliacha kuuza diski za filamu. Mwaka huohuo kampuni ya LG iliacha kutengeneza mashini za Blu-ray. Kiwanda kikifunga, kile kilichokwisha kutengenezwa ndicho kinabaki, na kila mwaka kinapungua.

Hayo yanaihusu Goma kwa sababu sehemu ya filamu hizo ilitengenezwa Kongo, na picha zake ni picha za Kongo.

Mwaka 1951 John Huston alileta waigizaji wakubwa wawili wa wakati ule, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, hadi kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville. Leo mji huo unaitwa Ubundu, kusini mwa Kisangani. Walipiga kambi msituni, wengi wakaugua, kisha wakaenda kumalizia picha za nje Uganda, pande za Butiaba na maporomoko ya Murchison. Filamu hiyo ni The African Queen. Wanaoizungumzia kwa Kifaransa wanaijua kama L'Odyssée de l'African Queen. Ndiyo ilimpa Bogart tuzo yake ya pekee ya Oscar.

Hata hadithi yenyewe ina mizizi ya mashariki ya Kongo. C. S. Forester, aliyeandika kitabu chake mwaka 1935, alichukua mawazo katika vita vya ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walipitisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, katika njia za Katanga, wakaziingiza ziwani kutoka Lukuga, Kalemie ya leo, ili kupigana na meli za Wajerumani. Mtoto wa Kalemie anaweza kumaliza shule bila kusikia kwamba bandari yake iko nyuma ya filamu inayojulikana dunia nzima.

Miaka saba baadaye, mwanzoni mwa 1958, Fred Zinnemann alifika Stanleyville, Kisangani ya leo, pamoja na Audrey Hepburn. Walikuwa wanatengeneza The Nun's Story, kwa Kifaransa Au risque de se perdre, juu ya mtawa Mbelgiji anayefanya kazi ya uuguzi Kongo. Picha za kijiji cha wagonjwa wa ukoma zilipigwa Yakusu, kwenye misheni ya Wabatisti ambapo daktari Stanley Browne alitibu ugonjwa huo kwa miaka mingi. Filamu ilitoka mwaka 1959. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Juni, Kongo ilipata uhuru. Kwa hiyo diski hiyo moja ina picha za rangi za Stanleyville katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Ni familia ngapi za Kisangani zilizobaki na picha za rangi za mwaka 1958?

Mtu atauliza: je, filamu hizo si ndizo zilizomdharau Mwafrika? Ni kweli. Wanaosema na kuamua ni wageni, mwenye nchi anabeba mizigo, anapiga makasia, anasimama nyuma. Na wakati huo serikali ya Wabelgiji ndiyo ilikuwa inachagua filamu gani Mkongomani anaruhusiwa kuona. Ila kosa hilo halisahihishwi kwa kutupa ushahidi wake. Mwanafunzi anayetaka kujua namna wakoloni walivyoiona Kongo hatapata somo la wazi kuliko kuitazama filamu yenyewe, kuisimamisha, na kuuliza kwa nini yule muuguzi Mkongomani ana maneno machache namna ile.

Tena Wakongomani hawakukaa tu kimya mbele ya Hollywood. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walitazama filamu za cowboy, wakajiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, wakajigawia mitaa, wakavaa kama watu wa farasi na kuunda lugha yao, Hindoubill. Walichukua kitu cha mbali wakakifanya chao. Anayetaka kuwaelewa vijana hao lazima aone walichokuwa wanaona.

Wapo wanaosema diski si lazima, kwani kila kitu kiko kwenye intaneti. Hapo ndipo hesabu zinakosewa. The African Queen, pamoja na sifa zake zote, haikuwa na DVD rasmi nchini Marekani hadi mwaka 2010, baada ya negativu zake zilizokuwa Uingereza kusafishwa upya. Ikiwa filamu yenye Oscar ilisubiri miaka yote hiyo, filamu isiyo na jina kubwa itasubiri nini? Na kilichoko kwenye intaneti leo, kesho kinaweza kuondolewa. Juni 2020 HBO Max iliiondoa Gone with the Wind, filamu ya mwaka 1939, kwa sababu ya namna inavyoonyesha utumwa. Baadaye ikairudisha ikiwa na maelezo mwanzoni. Maelezo hayo yalikuwa na sababu nzuri. Lakini kwa siku zile, mteja aliyekuwa analipa kila mwezi hakuwa na la kufanya. Mwenye diski kabatini hakuulizwa na mtu.

Kwa mkaaji wa Goma jambo hilo ni zito zaidi. Kutazama filamu ya saa mbili kwa mega za simu ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi. Kulipa kila mwezi kwa kampuni ya ng'ambo kunaomba kadi ya benki, na benki za mji zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025. Katika siku zilezile za mapigano, umeme, maji na intaneti vilikatika. Kweli, diski nayo inahitaji umeme. Lakini paneli ndogo ya jua na betri vinaweza kuwasha lekteri, na hakuna ofisi ya mbali inayoweza kuifungia diski iliyo mkononi.

Wengine watasema flashi inatosha. Flashi ni nzuri kwa kubeba, lakini ni mbaya kwa kutunza. Leo ina filamu, kesho inafutwa ili iingie nyingine. Filamu inayojazwa humo mara nyingi imebanwa mpaka picha inakuwa ya ukungu, jina limekosewa, mwaka haupo, na lugha ya asili imefunikwa na sauti ya mtafsiri. Watafsiri hao wana kazi yao na wapenzi wao, na wameleta sinema kwa watu wasiojua Kiingereza wala Kifaransa. Ila diski ya kiwandani inabeba vyote pamoja: sauti ya asili, Kifaransa, maandishi ya chini, na mara nyingi mazungumzo na waliotengeneza filamu.

Swali gumu kuliko yote ni hili: katika mji uliojaa watu waliokimbia vita, nani ana nafasi ya kufikiria filamu za zamani? Swali ni la haki, na hakuna anayedai diski zitangulie unga au dawa. Lakini Goma inajua kuliko miji mingi maana ya kupoteza vitu kwa ghafla. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya katikati ya mji. Mei 2021 ilishuka tena hadi Buhene, na siku chache baadaye watu kwa maelfu wakaamriwa kuondoka. Kila mara karatasi, picha za ndoa, kaseti na vitabu vilibaki nyuma. Kinachohitajika hapa si pesa nyingi. Ni uamuzi wa kutotupa kile ambacho tayari kiko nyumbani.

Anayetaka kuanza anapaswa kujua mambo machache. Kwanza, atofautishe diski ya kiwandani na iliyochomwa kwenye kompyuta. Ya kiwandani chini yake ni ya rangi ya fedha, wakati iliyochomwa mara nyingi ina rangi ya zambarau au bluu, na haidumu sana. Pili, aangalie zoni. DVD za Marekani ni zoni 1, za Ubelgiji na Ufaransa ni zoni 2, na sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na Kongo, imewekwa zoni 5. Lekteri inayosoma zoni zote ni mali, isiuzwe ovyo. Kwa Blu-ray mambo ni rahisi zaidi, kwani Afrika na Ulaya ziko pamoja katika zoni B. Kwa hiyo ndugu anayetoka Brussels anaweza kuleta Blu-ray bila hofu hiyo. Tatu, vumbi la mawe ya volkano linakwaruza, hivyo diski ikae katika boksi lake, isimame wima, mbali na jua.

Kazi hii isiachiwe mtu mmoja mmoja. Mkusanyaji akifa au akihama, kabati lake linauzwa kwa siku moja. Vyuo vikuu vya mji, maktaba za parokia na vituo vya utamaduni vinaweza kupokea diski hizo, kuandika orodha, na kuruhusu wanafunzi kuzitazama. Yole!Africa, ambayo imefundisha vijana wa Goma kutengeneza filamu tangu mwaka 2002, imeonyesha kwamba mji huu una watu wa kuzijadili. Ila wanaotaka kuonyesha filamu mbele ya watu wengi wakumbuke kwamba kununua diski hakuwapi haki hiyo. Lazima waombe ruhusa ya mwenye filamu.

Marekani yenyewe ilichelewa kujifunza. Utafiti uliotolewa na Library of Congress mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya filamu ndefu za Marekani zisizo na sauti zimepotea kabisa. Hazikuharibiwa na adui. Nyingi ziliachwa ziungue, zioze au zitupwe, kwa sababu wenyewe waliona wakati wake umepita. Ikiwa nchi tajiri namna ile ilipoteza hivyo, nchi inayohama na kukimbia kila mara haina nafasi ya kuzembea.

Tena atakayejifunza kutunza diski ya The Nun's Story atajua pia kutunza ile ya filamu fupi iliyotengenezwa Goma na kijana wa Katindo au Majengo, ambayo pengine ina nakala mbili tu duniani. Mkono ni uleule, boksi ni lilelile.

Kwa hiyo mwenye diski za zamani nyumbani azitoe kwenye uzi wa bustani. Azipanguse, asome majina, aulize jirani kama ana lekteri inayofanya kazi. Na muuzaji wa Birere, kabla ya kumwaga zile za chini ya meza, atenge zile zenye Ubundu, Kisangani na Yakusu ndani yake. Wanunuzi wake ni wachache leo, na hakuna kiwanda kinachojiandaa kuzitengeneza upya kwa ajili ya Goma.