Pazia Lisilofunguka ni Ukuta

Wengi wetu tukienda kununua pazia tunachosha miguu madukani kwa ajili ya rangi na maua. Sehemu ya juu, pale kitambaa kinapokutana na waya au bomba, tunamwachia fundi cherehani: "Shona tu, bora lipendeze." Mimi nasema hapo ndipo tunapopotea. Rangi ni ya macho, lakini kazi ya pazia iko kichwani mwake. Kichwa ndicho kinachoamua kama pazia litafunguka au litaganda.

Sisi wa pwani tunaishi na joto. Dirisha tumelitia wavu kwa sababu ya mbu na nondo kwa sababu ya wezi. Upepo umekwisha kupunguzwa mara mbili. Ukiongeza pazia lisilosogea, umejenga ukuta. Ndiyo maana katika sebule nyingi za Dar es Salaam utakuta taa inawaka saa sita mchana na feni inazungusha joto lile lile, ilhali upepo wa kusi unavuma bure nje.

Itazame mitindo yenyewe. Upo wa pindo la kupitisha waya wa springi. Ni rahisi: misumari miwili, na kitambaa mara moja na nusu ya upana wa dirisha chatosha. Lakini waya hulegea katikati, kitambaa huung'ang'ania, na ukivuta kwa nguvu msumari unakuja nao. Mwisho mwenye nyumba huchoka, akalifunga pazia fundo kama gunia. Mtindo huu na ubaki kwenye dirisha dogo la choo.

Yapo marinda. Haya hula kitambaa mara mbili hadi mbili na nusu: dirisha la mita 1.5 lataka mita 3 hadi 3.75. Sina ugomvi na marinda. Yakining'inizwa kwa kulabu kwenye reli huanguka vizuri na huteleza. Ugomvi wangu ni kuyashona yasifumuke. Siku ya kufua na kupiga pasi ni mateso, na mpangaji akihama hukuta dirisha la upana mwingine. Afadhali utepe wenye nyuzi: ukizivuta, marinda yanajikunja, ukizilegeza, kitambaa kinalala bapa, kinafuliwa, na kinahamia dirisha jingine.

Yapo pia matundu yenye pete zilizogongwa kwenye kitambaa, bomba likapita ndani yake. Kwa wepesi wa kufunguka, huu ndio mtindo ninaoupa kura yangu. Ila pete ziwe namba shufwa, ili ncha zote mbili za pazia zielekee ukutani. Karibu na bahari epuka pete za kushika kutu, maana doa la kutu kitambaani halitoki kwa urahisi. Na bomba lipite dirisha sentimita 15 hadi 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani, si mbele ya kioo.

Najua nitakavyojibiwa: pazia zito ni heshima ya nyumba, tena ni stara. Heshima mbele ya nani? Mgeni hukaa saa moja, akashukuru, akaenda zake. Wanaobaki katika giza na fukuto ni mama anayeshinda ndani, mtoto mchanga na mgonjwa. Huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na kuhusu stara, wazee wetu walitangulia kulijua hili: mlango uliachwa wazi, pazia jepesi likatundikwa. Mpita njia haoni ndani, na upepo unaingia. Stara na hewa havijawahi kuwa maadui. Tumevigombanisha sisi kwa kupenda makuu.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujamlipa fundi, mwambie alitundike pazia mbele yako. Usitazame kwanza maua. Livute kwa mkono mmoja, kama atakavyolivuta mtoto wa miaka saba akiamka asubuhi. Likikwama njiani, mrudishie, hata kama majirani wamekwisha kulisifu.