Jina na Bei Yake: Maoni Kuhusu Majina ya Vikoa Mkoani Simiyu

1.0 Utangulizi

Suala la majina si geni kwa wanaisimu wetu. Majina ya watu, ya mahali na ya mimea yamejadiliwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, liko kundi moja ambalo hatujalitupia jicho la kutosha, nalo ni majina ya vikoa, yaani anwani za maneno ambazo mtu huziandika ili kuifikia tovuti. Majina haya husajiliwa kwa ada ya kila mwaka, na aliyelisajili jina anaweza kumuuzia mwingine. Hivyo limezuka soko, na pamoja na soko limezuka swali: mtu atajuaje, kabla ya kununua, kwamba jina litauzika tena kwa faida?

Swali hili tuliletewa na mwanafunzi wetu wa zamani, mwenyeji wa Bariadi. Alikuwa na orodha ya majina 20, na fedha zilizotokana na mavuno ya pamba ya nyumbani kwao. Kila jina alikuwa amelipitisha katika programu ya kukadiria bei, nayo ikampa tarakimu za dola. Tulimwomba asubiri. Makala haya ni ufafanuzi wa ombi lile. Hoja yetu ni kwamba thamani ya jina la Kiswahili ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la soko.

2.0 Soko Linavyokadiria

Kwa kawaida programu za ukadiriaji hutazama ufupi wa jina, wepesi wa tahajia, wingi wa watu wanaolitafuta neno lenyewe, kiishio chake, na bei za majina yanayofanana nalo ambayo yamekwisha kuuzwa. Vigezo hivi si vibaya. Mwaka 2019 jina voice.com liliuzwa kwa dola milioni 30 za Marekani, nalo ni neno fupi, jepesi, lenye kiishio kinachojulikana kote.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu za mauzo zinazofanywa kipimo ni, kwa sehemu kubwa, za maneno ya Kiingereza. Programu iliyolelewa kwa kumbukumbu hizo inapokutana na neno "pamba", huona herufi tano tu. Haijui kwamba kwa mkulima wa Itilima hilo ni zao, kwa wanaoandaa harusi ni kitenzi, kwa kijana wa mjini ni mavazi ya kupendeza, na kwa shabiki wa kandanda wa Mwanza ni timu. Wala haijui kwamba ukivuka kwenda Kongo, neno la Kilingala linalosikika karibu sawa na hilo, mpamba, hubeba maana ya bure. Wingi huo wa maana huweza kuongeza wanunuzi au kuwatawanya. Kwa hiyo makadirio ya programu huweza kuwa makubwa mno au madogo mno, na tarakimu yenyewe haisemi ni lipi kati ya hayo mawili.

3.0 Vipimo vya Lugha

Kipimo cha kwanza ni cha sikio. Jina jema ni lile ambalo msikilizaji wa redio, akilisikia mara moja, ataliandika bila kukosea. Katika Usukuma, ambako wasemaji wengi hubadilishana sauti /l/ na /r/, hata "Bariadi" huweza kuandikwa "Baliadi". Anayenunua jina la namna hiyo ajue kwamba pengine atalazimika kulipia maumbo mawili ili kulilinda moja.

Kipimo cha pili ni cha maandishi. Mfumo wa majina ya vikoa haupokei ritifaa. Kwa sababu hiyo ng'ombe, ambaye ni utajiri wa Msukuma, huandikwa "ngombe", na tofauti kati ya /ŋ/ na /ŋg/ hupotea. Kata ya Ng'hoboko wilayani Meatu nayo hupungukiwa na sehemu ya jina lake. Watumiaji huweza kulizoea umbo hilo, lakini mnunuzi asilihesabu kuwa sawa na jina kamili.

Kipimo cha tatu ni cha mofolojia. Kutokana na shina -sukuma tunapata Msukuma, Wasukuma, Kisukuma na Usukuma, ilhali "sukuma" peke yake ni kitenzi cha Kiswahili. Mwenye kutafuta kamusi ataandika Kisukuma. Mwenye kutafuta habari za nchi huenda akaandika Usukuma. Ngeli, basi, huamua ni nani atakayelifikia jina na kwa haja gani. Mkadiriaji asiyezijua ngeli huyaona maumbo haya kuwa tofauti za tahajia tu.

4.0 Mnunuzi ni Nani?

Kipimo cha nne ndicho kigumu. Mwanafunzi wetu aliliweka jina "Simiyu" juu ya orodha. "Mwalimu," aliuliza, "jina la mkoa mzima litakosaje mnunuzi?" Mantiki yake ilikuwa wazi. Kabla ya mwaka 2012, Simiyu lilijulikana zaidi kuwa jina la mto. Mwaka huo likawa jina la mkoa mpya uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Jina lilipanda hadhi kwa tangazo la serikali.

Lakini je, serikali ya mkoa italinunua? Tovuti yake iko chini ya kiishio .go.tz, ambacho ni cha taasisi za serikali na hakiuzwi sokoni. Yule aliyedhaniwa kuwa mnunuzi wa kwanza tayari ana jina lake. Wanaobaki ni wafanyabiashara: wachambuaji wa pamba, wasindikaji wa vyakula, na wenye nyumba za wageni huko Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Hao wanaweza kuchagua .co.tz badala ya .com, au wakaongeza neno moja na kulikwepa jina lililofungiwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza; sisi twaongeza kwamba hakijiuzi kwa mtu asiyekihitaji.

Majina ya bidhaa yana hatari nyingine. Chaki za Maswa na maziwa ya Meatu yamejijengea sifa. Kusajili jina la bidhaa ya mwenzako ili umuuzie mwenyewe si biashara ya ukadiriaji, ni utekaji. Tangu mwaka 1999 shirika la ICANN limeweka utaratibu unaoweza kumnyang'anya mtu jina la .com endapo yatathibitika mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama ya biashara ya mlalamikaji, kwamba aliyelisajili hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya.

Majina ya mahali yana sura tofauti. Mwaka 2000 jopo la usuluhishi liliamuru barcelona.com likabidhiwe halmashauri ya jiji hilo. Mwaka 2003 mahakama ya rufani nchini Marekani ikaamua kwa kuipendelea kampuni iliyokuwa imelishika. Kwa hiyo mwenye kulishika jina la mji huenda akalindwa na sheria. Hata hivyo, kulindwa na sheria si sawa na kupata mnunuzi.

5.0 Hitimisho

Tukirejea kwa mwanafunzi wetu, majina 20 yakilipiwa kwa miaka 5 ni malipo 100. Likiuzwa moja tu, bei yake haina budi kurudisha ada zote 100. Programu ilimpa bei. Haikumpa mnunuzi, wala mwaka wa kumpata. Tulipoipitisha orodha katika vipimo vyote, yalibaki majina mawili. Yote mawili yalikuwa maneno ya kawaida ya kilimo, mafupi, yasiyo na sauti tata, ambayo yeye mwenyewe angeweza kuyatumia. Hiki ndicho kipimo tunachokiona kuwa kikuu: nunua jina ambalo, ukikosa mnunuzi, bado utakuwa na kazi nalo. Fedha nyingine alizirudisha nyumbani kabla ya msimu wa kupanda.

Watakuwapo watakaosema kwamba hii si kazi ya idara ya Kiswahili. Hatukubaliani nao. Tumewafundisha vijana fonolojia na ngeli, kisha tumewaachia programu za kigeni ziwaambie maneno yao yana thamani gani. Tunapendekeza wanafunzi wa uzamili wanaoshughulikia majina wakusanye kumbukumbu za majina ya vikoa ya Kiswahili yaliyouzwa na ambayo hayakuuzika, pamoja na namna watumiaji wanavyoyaandika na kuyakosea. Kumbukumbu hizo zisipokuwapo, kijana mwingine wa Bariadi ataziamini tarakimu za dola na kulipa kwa pamba ya wazazi wake.