Mshubiri wa Dirishani: Tuutunze, Tena Tuujue



Mama anayetaka mmea wa kupamba nyumba lakini hana muda wa kuuhudumia kila siku, sisi humshauri aanze na mshubiri. Mjini wengi wanauita aloe vera. Ni ule wenye majani manene yenye miiba midogo pembeni. Hauombi mengi: mwanga wa kutosha, maji kidogo, na kuachwa utulie. Hata mkisafiri kwenda kijijini kwa majuma matatu mtaukuta mzima.

Asili yake ni milima ya kaskazini ya Omani, lakini huku kwetu umekuwa mwenyeji tangu zamani. Tunaposema kitu ni kichungu kama shubiri, tunautaja utomvu wa majani yake. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na lina shina moja na neno subira.

Mwezi huu tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya akina mama wanalalamika kwamba mishubiri yao inaoza. Pili, sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunakutana na watoto walioumizwa na mmea huu huu kwa kutumiwa visivyo.

KWA NINI UNASTAHIMILI UKAME

Majani ya mshubiri ni ghala la maji. Ngozi yake ina nta inayozuia maji yasipotee. Tena, mimea mingi hufungua vitundu vyake vya hewa mchana, bali mshubiri hufungua usiku wakati hewa imepoa, na hivyo hupoteza maji machache. Kwa hiyo adui yake mkubwa si ukame, ni mkono wenye huruma unaomwagilia kila asubuhi. Mizizi ikikaa katika tope huoza, na majani hufuata.

KUUPANDA

Chungu cha udongo ndicho kizuri kuliko vyote, kwa sababu kinakauka upesi. Kama hakipo, kopo kubwa la maziwa ya unga au ndoo ndogo iliyokatika mpini inatosha, mradi utoboe matundu manne au matano chini. Changanya udongo wa bustani na mchanga wa mto, kiasi sawa kwa sawa, kisha ongeza konzi moja ya samadi iliyooza vizuri. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi.

Mbegu huihitaji. Mshubiri uliokomaa huzaa machipukizi kando ya shina. Chagua lililofikia urefu wa kiganja na lenye mizizi yake lenyewe, ulitenge kwa kisu safi. Liweke kivulini siku moja au mbili mpaka kidonda kikauke, ndipo ulipande. Usilimwagilie kwa siku nne au tano za mwanzo. Wako wanaochomeka jani tupu ardhini wakitumaini litaota. Mara nyingi jani hilo huoza tu.

MAJI NA MWANGA

Usimwagilie kwa kufuata kalenda. Chomeka kidole katika udongo mpaka pingili ya pili. Ukisikia unyevu, acha. Ukiwa umekauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usiuguse mpaka ukauke tena. Wakati wa kiangazi huenda ikawa kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Wakati wa masika hata wiki tatu. Maji yaende kwenye udongo, yasituame katikati ya majani. Mmea wa barazani uondoe penye michirizi ya mvua.

Kile kisahani cha chini ya chungu kimwage maji kila mara. Mbu wanaoeneza homa ya dengue hutaga katika maji machache kama hayo, na Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Pambo la nyumba lisije likawa kiota cha mbu.

Weka chungu karibu na dirisha lipatalo jua la asubuhi. Ukitaka kuutoa nje, uzoeshe kidogo kidogo, kwa maana mmea uliokuwa ndani ukipigwa ghafla na jua kali majani hugeuka rangi ya kahawia.

Mmea wenyewe hukueleza hali yake. Majani yakiwa membamba na kujikunja kwa ndani, una kiu. Yakirefuka na kulala, mwanga hautoshi. Yakilainika na kuwa majimaji pale chini, umezidishiwa maji: ung'oe, kata mizizi iliyooza, uache ukauke siku chache, uupande katika udongo mpya mkavu. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, hivyo ni vidung'ata. Vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, urudie baada ya juma moja.

MTOTO AKIUNGUA

Wengi wanaupanda karibu na jiko kwa ajili ya kuungua. Hapa tuseme wazi: dawa ya kwanza ya kuungua ni maji, siyo mshubiri. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Kama hakuna bomba, mimina kwa kata. Usipake dawa ya meno, mafuta, wala yai.

Baada ya hapo, kama ni jeraha dogo, ngozi imekuwa nyekundu tu na haina malengelenge, ute wa mshubiri unaweza kupoza. Kata jani la chini lililokomaa, lisimamishe ndani ya kikombe kwa dakika kumi hadi kumi na tano ili utomvu wa manjano utoke, lioshe, limenye, ndipo utumie ule ute mweupe wa ndani. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono, maana wako watu ambao ngozi yao haiupatani.

Kama kuna malengelenge au ngozi imechubuka, au jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha huyo mtoto, au liko usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, usipake kitu. Lifunike kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali.

SHUBIRI NA MTOTO ANYONYAYE

Sasa tufike kwenye jambo linalotuumiza moyo zaidi. Ni desturi ya miaka mingi kupaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa. Bibi zetu walifanya, na mama zetu pia, wala hawakuwa na nia mbaya. Lakini ule utomvu wa manjano ni dawa kali ya kuharisha. Mtoto anayeendelea kulamba anaumeza, tumbo linamkata, anaharisha, na wakati huo huo amenyimwa maziwa ambayo yangemrudishia maji mwilini. Tumewapokea watoto wa namna hiyo, macho yamebonyea, midomo mikavu, wanalia bila machozi. Mtoto akifikia hali hiyo mwanzie pakiti ya ORS njiani, umwahishe kituo cha afya.

Mtoto anapaswa kunyonya bila kupewa kitu kingine kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili na zaidi. Ukifika wakati wa kumwachisha, punguza mara moja moja. Ondoa kwanza lile nyonyo la mchana, umpe uji na umchezeshe; la usiku liwe la mwisho. Baba au shangazi amlaze siku hizo. Itachukua majuma kadhaa, lakini mtoto hatauona ukali wowote kwa mama yake.

Mama mjamzito naye asinywe shubiri, wala mama anayenyonyesha. Hata kwa mtu mzima asiye na mimba, kunywa utomvu ule kila siku kwa kisingizio cha kusafisha tumbo si salama. Marekani, mwaka 2002, mamlaka ya dawa iliamuru dawa za choo zenye shubiri ziondolewe madukani, kwa kuwa watengenezaji hawakutoa ushahidi wa kutosha wa usalama wake.

UWE NA HAKIKA NI WENYEWE

Usichukue mshubiri wowote wa porini ukadhani ni ule ule. Nchi zetu zina aina nyingi, na ipo inayoitwa kitaalamu Aloe ballyi, ya Kenya na Tanzania, ambayo ina sumu. Tena ukikata mmea ukatoa maziwa meupe, huo si mshubiri. Huenda ni mnyaa au ndugu yake, na maziwa yake huunguza macho. Yakikuingia, osha kwa maji mengi, uende hospitali.

Basi, akina mama, uchukueni mmea kwa jirani mnayemfahamu, ambaye wake mmeuona ukikua. Nanyi chipukizi likikomaa mpeni mwingine, na pamoja nalo mwambieni habari hii ya mtoto na ziwa. Hilo la pili lisisahauliwe.