Saa Tisa na Nusu si ya Tuisheni

Wasee, leo sina mzaha. Tuisheni ya watoto wa PP1 ni wizi na nitaiita hivyo hivyo. Pesa zinaibwa, sawa, lakini kinachoniuma zaidi ni saa.

Wengi wenu hamjui hii. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo katika shule ya kutwa yanaanza saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa shughuli za nje ya masomo: michezo, vilabu, muziki, hayo yote. Saa moja na robo kila siku. Piga hesabu ya wiki, unapata saa sita na dakika 15. Hizo ni za mtoto kisheria. Sasa pita karibu na shule ya mtaani kwenu saa kumi jioni uniambie unasikia nini. Mimi kwetu nasikia darasa zima likikariri jedwali la tatu, na uwanja hauna hata kuku.

Ya likizo nayo ni noma zaidi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inapiga marufuku tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au jela isiyozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ushawahi kusikia mtu wa mtaa wenu amefungwa kwa hiyo? Mimi pia la. Kinachofanyika ni kubadilisha jina. Mwaka huu inaitwa masomo ya ziada, mwaka ujao klabu ya hesabu, na doh inatumwa kwa nambari ya simu ileile.

Tuanze na wadogo kabisa. Mtoto wa PP1 ana miaka minne. Mtaala wa KICD wa hiyo ngazi umejaa kuimba, kufinyanga, kupanga vitu, kuchora, kurukaruka, na kipindi ni dakika 30 tu. Kwa karatasi tuko sawa. Mambo yanaharibika mzazi anapotaka kuona "kazi". Shule za kibinafsi zinajua hakuna mzazi atalipa karo akifurahia picha ya mtoto amejaa matope hadi kwa masikio. Basi anapewa daftari limejaa herufi a, kurasa tatu nzima, na alama nyekundu ya pata. Mzazi anafurahi. Mtoto hajajifunza kitu.

Mpwa wangu ako PP2. Juzi aliletewa kazi ya ziada: andika 1 hadi 100, tarakimu zisitoke nje ya mistari. Alikuwa analia mkono unamuuma. Na sio uvivu, manze. Kifundo cha mkono wa binadamu kina mifupa midogo 8, na kwa mtoto wa umri huo kadhaa kati yake bado ni gegedu, haijakomaa kuwa mfupa. Ule mkono unataka udongo, mchanga, vizibo vya soda, kamba ya kufunga na kufungua. Hivyo ndivyo unavyopata nguvu ya kushika penseli baadaye.

Akiwa katikati ya hiyo adhabu, maji ya ugali yakachemka na kifuniko cha sufuria kikaanza kucheza. Akasimama akauliza, "Nani anasukuma hiyo?" Swali safi kabisa. Treni za kwanza kutoka Mombasa zilivutwa na injini inayofanya kazi kwa jibu la hilo swali. Akaambiwa amalize kuandika kwanza. Alilala akiwa 67.

Hapo ndipo sayansi inakufia. Haingoji kemia ya Gredi ya 10.

Na tunaijua, kwa sababu sisi tulicheza. Ule mchezo wa bano ulikuwa unakufundisha kwamba ukigonga kwa pembe hii, bano la mwenzako linaenda kule, na ukigonga katikati lako linasimama lake linaondoka. Hakuna aliyekuambia jina la hiyo kanuni lakini mkono wako uliijua. Gari la waya lenye magurudumu ya patipati zilizokatika lilikufundisha kwamba tairi moja likiwa kubwa kuliko lenzake gari linazunguka tu. Tiara ya karatasi ya nailoni isiyo na mkia inaanguka kichwa chini; ukiongeza mkia inatulia. Kalongolongo ilikuwa na duka, bei, deni, na mtu wa kugombana naye kuhusu chenji. Halafu tukaingia darasani tukaambiwa tukariri maana ya osmosisi. Ukiulizwa leo bado unaweza kuisema neno kwa neno. Ukiulizwa kwa nini sukuma ikiwekwa chumvi inatoa maji, unaangalia juu.

Serikali imeanzisha shule za upili za juu mwaka huu wa 2026 na njia tatu za masomo, na kila mkutano ni STEM, STEM, STEM. Poa. Lakini mtoto ambaye kuanzia miaka minne hadi kumi na nne hajawahi kuruhusiwa kufungua redio iliyokufa aone ndani kuna nini, atachagua STEM kwa msingi gani? Alama? Mathe alisema daktari?

Najua watakaonijia kwa komenti kwamba shule zingine zina klabu ya roboti. Zinazo, na ukiuliza bei yake utakaa chini. Hiyo ndiyo hasira yangu ya pili. Tumeifanya sayansi ya baada ya masomo kuwa ya watoto wa kuchukuliwa na gari, na mtoto wa ploti anabaki na tuisheni. Kuna jamaa mwingine alinitumia ujumbe nimtangazie programu ya simu inayofundisha watoto wa miaka miwili kusoma. Miwili! Nilimjibu kwa neno moja, sitaliandika hapa.

Sayansi ya bei rahisi ipo. Chukua ndimu nne, misumari minne ya mabati, vipande vya waya ya shaba. Kila ndimu idungwe msumari na shaba bila kugusana, halafu uziunge kwa mfululizo, msumari wa hii kwa shaba ya ile. Tafuta taa ndogo nyekundu ya LED kwa redio mbovu. Ikikataa, igeuze miguu. Itawaka kidogo tu, zima taa ya chumba ndio uione. Ndimu moja haitoshi, na hapo ndipo raha iko, kwa sababu mtoto wa miaka tisa atauliza mbona. Sasa umeshapata klabu ya sayansi. Haikuhitaji roboti.

Ila ndimu zinataka mahali pa kukaa, na watoto wanataka mahali pa kukimbia. Mnakumbuka Januari 2015, shule ya msingi ya Lang'ata Road? Watoto walitoka darasani kutetea uwanja wao uliozungushiwa ukuta, wakarushiwa vitoa machozi. Watoto wa shule ya msingi, kwa sababu ya uwanja. Dunia nzima iliona zile picha, nchi ikakasirika wiki moja. Wale watoto walielewa kitu ambacho sisi watu wazima tunakichukulia kama anasa.

Sasa nisikilize upande wa pili, kwa sababu si wajinga. Mama anayetoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi kwenda Industrial Area na kurudi saa moja usiku halipii tuisheni kwa kupenda hesabu. Analipia mtu mzima wa kukaa na mtoto wake. Na mwalimu wa chekechea, ambaye tangu ugatuzi ako chini ya kaunti, wengine kwa kandarasi za mshahara wa kuchekesha, hiyo hela ndiyo nauli yake. Siwezi kumlaumu yeyote kati yao. Lakini hilo si jibu la kwa nini mtoto akae kwa dawati. Kama ni ulinzi tunalipia, basi alindwe akicheza. Mwalimu yuleyule, saa zilezile, uwanja uko pale nje. Na alipwe na kaunti kama mfanyakazi, asiwe anaokota mia mia kwa wazazi.

Kwa hivyo naongea na wewe, uliyemaliza diploma ya umeme na unakaa kwa ukuta wa ploti ukingoja kazi. Naongea na wewe mwenye mdogo wako PP1, na wewe uliyepata mtoto ukiwa na miaka 21 na sasa unaona aibu kwa sababu mtoto wa jirani anaandika jina lake na wako bado. Wako ako sawa. Elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti kwa Katiba, na bajeti ya kaunti lazima iletwe kwa wananchi wachangie maoni. Hivyo vikao hujazwa na wazee kwa sababu sisi tuko hapa tunabishana kuhusu mpira. MCA wako atakuja kutafuta kura 2027. Muulize kuhusu uwanja kabla hajakupa leso.

Na mkutano wa wazazi ukiitwa, nenda, hata kama umemwakilisha mathe. Inua mkono uulize swali moja: kutoka saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja kasorobo watoto wetu wanafanya nini, na nani analipwa? Uliza kwa heshima, useme "mwalimu" na "samahani", lakini usiketi mpaka ujibiwe. Jibu utakalopewa niandikie. Nitayaweka yote hapa Ijumaa, bila majina ya shule.