Tusiwakimbize Pomboo kwa Jina la Urafiki

Wapo watakaouliza: pomboo wanamhusu nini mwalimu au mwanafunzi wa Kwanza, anayeishi kati ya mashamba ya mahindi chini ya Mlima Elgon, mamia ya kilomita kutoka baharini? Sisi twasema wanamhusu. Kisa cha pomboo chatufunza kwamba mnyama aweza kudhulumiwa na anayempenda, sawa na anavyodhulumiwa na anayemwinda.

Pomboo si samaki. Huvuta hewa kama sisi, hubeba mimba kwa takriban mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha. Aidha, baadhi yao huwasogelea watu kwa hiari, na ndiyo sababu binadamu wamewahesabu kuwa marafiki tangu zama za kale. Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata miaka 1,900 iliyopita, alisimulia katika barua habari za pomboo wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi iitwayo Tunisia hivi leo. Pomboo huyo alizoeana na mvulana hata akawa anambeba mgongoni. Habari zilipoenea, wakuu wa serikali walifurika mjini kumtazama, na gharama za kuwakirimu zikawalemea wenyeji. Hatimaye iliamuliwa auawe kwa siri, ingawa hakuwa ametenda kosa lolote.

Hali inayokaribiana na hiyo yaonekana katika Afrika Mashariki yetu, kijijini Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Hadi katikati ya miaka ya 1990, wavuvi wa huko waliwachoma pomboo kwa chusa ili nyama yao iwe chambo cha kuvulia papa. Mnamo 1992 ulianza utalii wa kuwatazama, na hatua kwa hatua wanakijiji wakatambua kwamba pomboo aliye hai ana faida kubwa kuliko aliyekufa. Chusa zikawekwa kando. Hilo ni jambo la kupongezwa.

Hata hivyo, dhuluma haikwisha. Mashua zenye injini huwazunguka pomboo tangu asubuhi na kuwakatia njia ili watalii wajitose mbele yao. Wataalamu waliowachunguza waligundua kwamba mashua zikiwapo, pomboo hupunguza muda wa kupumzika na kuzidi kuhamahama, na majike nao hubadili mienendo yao. Wengine hunaswa katika nyavu za jarife, wakafa kwa kukosa hewa. Hesabu iliyofanywa mwanzoni mwa karne hii iliwakuta pomboo wa aina inayotazamwa zaidi huko wakiwa chini ya 200. Kundi dogo namna hiyo, lenye uzazi wa polepole, si rahisi listahimili usumbufu wa kila siku.

Hatuwalaumu manahodha peke yao. Wanatafuta riziki, nao hulipwa na mtalii atakaye kuogelea ubavuni mwa pomboo. Kanuni zimeandikwa, lakini zitafuatwaje iwapo nahodha anayezima injini na kukaa mbali hupoteza wateja, wakaenda kwa yule anayekimbiza? Mtalii ndiye apaswaye kubadilika kwanza.

Mfano mwema uko karibu na Kitale. Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa, iliyoanzishwa mwaka wa 1974 ili kumlinda nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu, ina ukubwa wa takriban kilomita 3 za mraba tu. Mgeni huingia kwa miguu, akapanda jukwaa la mbao na kungoja kwa utulivu. Nzohe akijitokeza, mgeni hufurahi. Asipojitokeza, mgeni hurudi nyumbani bila kumfuata katika matete yake.

Twawasihi walimu wanaowapeleka wanafunzi ziara za pwani, iwe ni Wasini, Watamu au Unguja, wawafunze adabu hiyo kabla ya safari. Wachague mashua ambayo nahodha wake hawakimbizi pomboo, wasiingie majini penye majike na watoto, na wawe radhi kurudi bila kuwaona. Katika mila zetu, mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake. Bahari ni nyumba ya pomboo, nasi tuiingiapo tusisahau kupiga hodi.