Namba Kabla ya Bei: Barua kwa Wazalishaji wa Mbwa wa Tudor

Kwa wanaozalisha na kuuza mbwa Tudor, Mombasa.

Barua hii, iliyoandikwa na mzaliwa wa Tudor anayeishi Uingereza, ina ombi moja tu: mtoto wa mbwa asitoke mikononi mwa mzalishaji wake kabla hajatiwa maikrochipu, na namba ya maikrochipu hiyo iandikishwe kwanza kwa jina la mzalishaji mwenyewe, ndipo ihamishiwe kwa mnunuzi. Maikrochipu ni kidude kilichofungwa ndani ya kioo, chenye ukubwa wa punje ya mchele, ambacho daktari wa mifugo hukiingiza kwa sindano chini ya ngozi, baina ya mabega ya mnyama. Hakina betri, wala hakimfuatilii mbwa kwa setilaiti kama wengi wanavyodhani. Hulala kimya mpaka kipitishiwe skana, yaani kifaa cha kusomea, ambacho mawimbi yake ndiyo yanayokiamsha kwa muda mfupi ili kitaje namba ya tarakimu 15. Ndani yake hamna jina, simu wala anwani. Hayo yote hukaa katika daftari la usajili, na pasipo daftari kidude hicho ni punje ya kioo tu.

Huko Uingereza, kwa maana ya nchi ya England, sheria imelazimisha jambo hili tangu tarehe 6 Aprili 2016: mtoto wa mbwa hutiwa maikrochipu kabla ya kutimiza majuma 8, na mzalishaji ndiye anayeandikwa kuwa mmiliki wa kwanza. Hoja iliyo nyuma ya sharti hilo ni nyepesi kueleweka, kwa kuwa mzalishaji peke yake ndiye anayemjua mama wa mtoto huyo, siku aliyozaliwa na ndugu aliozaliwa nao. Mbwa akishauzwa Tudor, akapewa shemeji aliyeko Mikindani, kisha akauzwa tena kwa mwenye ghala Kisauni, habari zake za mwanzo hupotea njiani, na hapo hata mtu mwenye nia njema hawezi kuzikusanya upya. Utaratibu wa Waingereza nao una ila zake: madaftari ni mengi, yanaendeshwa na kampuni mbalimbali, na wamiliki wengi wakihama nyumba au wakibadilisha simu hawajishughulishi kusahihisha habari zao, hata mbwa aliyeokotwa akasomwa namba yake na simu iliyosajiliwa ikawa haipatikani. Kosa hilo halifai kuigwa.

Faida inayotajwa sana ni ya mwenye mbwa, kwamba aliyepotea au kuibwa atarudishwa, maana ukanda wa shingoni hukatwa kwa kisu na mambo yakaisha. Kwa Tudor, hata hivyo, faida kubwa zaidi ni ya anayeumwa na mbwa. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu huishia kwenye kifo takriban kila mara, na sehemu kubwa mno ya maambukizi hayo duniani, asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, hutokana na mbwa. Aliyeumwa hutakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuanza chanjo bila kungoja lolote. Lakini mbwa aliyeuma akijulikana na akionekana mzima, anaweza kufungwa na kuchunguzwa kwa siku 10. Akizimaliza akiwa hai na mzima, hakuwa na virusi katika mate yake siku ile alipouma, na daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Mbwa asiyejulikana hatoi nafasi hiyo, na mzazi wa mtoto aliyeumwa hana budi kuzimaliza dozi zote kwa gharama na hofu yake mwenyewe. Ni kweli kwamba namba haimkamati mbwa, wala haizuii meno yake. Akishakamatwa, hata hivyo, inamtaja mtu wa kuulizwa, tena inathibitisha kwamba cheti cha chanjo kinachoonyeshwa ni cha mbwa huyo hasa, kwani cheti kinachosema «dume, kahawia, kifua cheupe» kinawafaa nusu ya mbwa wa mtaa.

Hapa ipo haki ya jirani asiyefuga. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kumuuza mbwa hakuhesabiwi kuwa biashara sahihi, ingawa kumfuga kwa ajili ya ulinzi, uwindaji au uchungaji kumeruhusiwa. Anayezalisha mbwa katika mtaa wenye imani hiyo ana deni kwa wanaopita mlangoni pake kwenda msikitini, na kuwahakikishia kwamba kila mbwa aliyetoka uani kwake ana mwenyewe ni njia mojawapo ya kulipunguza.

Wala wazo la kumtia mnyama alama si geni Kenya. Ng'ombe wana sheria yao ya chapa, Sura ya 357, na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti wanyama pamoja na kutoa leseni za mbwa. Kaunti ya Mombasa, kwa hiyo, haihitaji kungoja Nairobi ili ianzishe daftari moja la namba, na leseni ya mbwa ingekuwa pahali pake pa asili. Mpango wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu, uliozinduliwa mwaka 2014 na kulenga mwaka 2030, unategemea kuchanjwa kwa asilimia 70 ya mbwa. Ni vigumu kuijua asilimia ya kitu kisichohesabika.

Kwa wanaouzia wateja wanaosafiri, utaratibu wa hatua ni muhimu: Umoja wa Ulaya hauitambui chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotangulia maikrochipu, hivyo mbwa aliyechanjwa kwanza hulazimika kuchanjwa upya.

Gharama ya sindano hiyo iingizwe katika bei ya mbwa tangu mwanzo, na mnunuzi aelezwe hivyo waziwazi. Ombi la barua hii ni kwamba kizazi kitakachozaliwa Tudor baada ya kusomwa kwake kipelekwe kwa daktari wa mifugo kabla mnunuzi wa kwanza hajabisha hodi, na kwamba kila namba iandikwe katika daftari la mzalishaji mwenyewe mpaka kaunti itakapofungua la kwake.

Wasalamu,
Mzaliwa wa Tudor, aliyeko Uingereza